Nyumba Zetu na Wapigaji wa Filamu

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo zamani lingeonekana la kigeni kabisa kwetu, lakini ambalo sasa laulizwa barazani na sokoni, Unguja na Lamu, Mombasa na Bagamoyo: ya kuwa mtu mwenye nyumba ya kale, yenye kuta nene za mawe na chokaa, afanye nini ili kampuni zitengenezazo filamu ziijue nyumba yake, ziipende, ziikodi kwa siku chache zipige humo picha zao, kisha ziondoke na kumwachia ujira wake. Swali hilo ni la haki, wala si la tamaa. Kwa maana nyumba ya mawe ni ghali kuihifadhi, lipu yake hubanduka kila masika, boriti zake huliwa na mchwa, na watoto wa ukoo, ambao zamani wangalichangia matengenezo, wengi wamehamia Dar es Salaam na Maskati na London. Pesa ya halali ipatikanayo bila ya kuiuza nyumba wala kuigeuza hoteli ni neema, nami ningependa kuona wenye nyumba wengi zaidi wakiipata.

Nitaanza na jambo ambalo huenda likawastaajabisha baadhi yenu. Aghalabu mwenye nyumba akipata habari ya kuwa kuna watu mjini wanatafuta lokesheni, kama wasemavyo wenyewe wa kazi hiyo, yaani mahali pa kupigia filamu, jambo la kwanza alifanyalo ni kwenda kununua rangi. Hupaka ukuta wa chokaa rangi ya mafuta ya kung'aa. Hufunika sakafu ya zamani kwa vigae. Hung'oa madirisha ya mbao akatia ya alumini na vioo. Na vile vidaka ambamo bibi yake alikuwa akiweka sahani za Kichina na chetezo, huviziba kwa saruji ili ukuta uwe sawa. Afanya yote hayo kwa nia njema, kwa kudhani kuwa mgeni atapendezwa na upya. Kumbe mgeni yule, ambaye amesafiri masafa marefu kwa ajili ya kisa fulani, alikuwa akivitafuta vile vile vilivyong'olewa na kuzibwa. Na ukumbi mpya wa vigae hana haja nao, kwa kuwa ukumbi wa namna hiyo aweza kuupata Nairobi au Johannesburg, au hata kuujenga kwa mbao ndani ya ghala kwa muda wa siku chache.

Zingatieni filamu ya Vuta N'Kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, filamu iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021 na kuipeleka Unguja mbele ya macho ya walimwengu. Kisa chake ni cha Unguja ya miaka ya 1950, zama za utawala wa Kiingereza. Kisa cha wakati huo hakiwezi kupigwa katika nyumba iliyotundikwa viyoyozi mbele na madishi ya televisheni juu. Kila waya unaoonekana, kila bomba la plastiki, kila kitasa cha juzi, kitakuwa kazi ya ziada kwa watengenezaji, ama kukificha ama kukiondoa, na kazi ya ziada ni gharama, na gharama ikizidi huondoka wakaenda nyumba nyingine. Kwa hiyo mtu atakaye nyumba yake ipendwe na watu wa filamu, na aihifadhi kwanza kama ilivyojengwa: lipu ya chokaa itengenezwe kwa chokaa, boriti iliyooza ipokewe na boriti, mlango wa nakshi uoshwe vumbi bila ya kupakwa vanishi nzito. Na ikiwa nyumba imo ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, au katika mji wa Lamu, ulioingizwa mwaka uliofuata, basi kuihifadhi hivyo ni wajibu wake hata pasipo na filamu yoyote.

Tena yampasa mwenye nyumba aijue nyumba yake kwa jicho la mpiga picha. Chukueni nyumba ya Lamu ya kale. Mtu hupita dakani, yaani kibarazani mbele ya mlango, akaingia tekani, mahali palipopindwa kusudi ili apitaye njiani asione ndani. Kisha hutokea kiwandani, yaani uani, palipo wazi juu. Na kutoka kiwandani huingia msana wa kwanza, yaani ukumbi mrefu, na msana wa pili, hata akafika ndani, penye vidaka vya chokaa vilivyopangika ukuta mzima. Upana wa vyumba hivi waamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haibebi dari kwa salama ikivuka mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Mtu wa kamera akiingia chumba chembamba hulalamika kwanza, kwa sababu hana pa kurudi nyuma. Lakini mwenye nyumba ajuaye mambo humchukua akamsimamisha kiwandani, akamwonyesha jinsi milango ya misana inavyofuatana, sakafu ikipanda kidogo kidogo kila uingiapo, na nuru ikipungua hatua kwa hatua, tangu jua kali la kiwandani hata giza jepesi la ndani; na hapo mtu yule hunyamaza, kwa kuwa ameoneshwa kina ambacho taa zake zote zisingeweza kukitengeneza. Mafundi waliojenga nyumba hizi hawakuijua kamera, lakini nuru waliijua vema sana, na mimi nashuhudia ya kuwa sijaona mahali pengine ambapo jua la saa nne asubuhi hugawanywa kwa busara kama hiyo.

Kabla ya kuipeleka nyumba mbele za watu, hata hivyo, pana suala ambalo wengi hulipita mbio, nalo ndilo linalovunja mapatano mengi: nyumba hii ni ya nani? Nyumba zetu nyingi ni za mirathi ambayo haijagawanywa. Anayekaa ndani ni mmoja, na warithi ni kumi, na watatu kati yao wako Arabuni. Nyingine ni wakfu, na mambo yake yako mikononi mwa msimamizi wa wakfu, na kwa Unguja mara nyingi ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyingine, huko huko Unguja, zilitwaliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na wakaao humo ni wapangaji, hata wakiwa wamezaa na kuzika humo. Mtu asiyekuwa na mamlaka kamili akitia sahihi mkataba na kampuni, kisha mrithi mmoja akaja siku ya kazi akasema hakuafiki, kampuni itadai hasara yake, na ukoo utagombana kwa ajili ya pesa ambazo bado hazijaingia mfukoni. Kwa hiyo idhini ya warithi na itafutwe mapema, iandikwe, na mgawanyo wa ujira uandikwe pamoja nayo.

Na pana idhini nyingine isiyotajwa na sheria yoyote, ambayo mimi naiona kubwa kuliko ile ya kwanza: idhini ya wanawake wa nyumbani. Nyumba ya Mswahili imejengwa kwa sitara. Tekani pamepindwa kwa ajili ya sitara. Sabule ya wageni imetengwa kwa ajili ya sitara. Wikio hupita juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba ili bibi na mabinti watembeleane bila ya kushuka uchochoroni. Leo tunaileta kamera, iingie mpaka chumba cha ndani ambacho hata shemeji haingii bila ya kubisha hodi, na picha zake zitazamwe na watu tusiowajua katika nchi tusizozijua. Mimi sisemi ni haramu, wala sisemi isifanywe. Nasema bwana wa nyumba asirudi jioni na mkataba uliokwisha kutiwa sahihi, akamwambia mkewe, na mama yake mzee aliye kitandani, ya kuwa Jumatatu watahama. Wao ndio wakae na kuamua vyumba vipi vitafunguliwa na vipi vitafungwa kwa kufuli. Wao ndio waamue vitu gani vitolewe, picha za marehemu ukutani, misahafu, mavazi, vyombo vya arusi. Na likiwa jawabu lao ni hapana, basi iwe hapana.

Baada ya hayo, kuitangaza nyumba si kazi ngumu. Zipigwe picha za nyumba kama ilivyo, mchana, madirisha wazi, bila ya maua ya plastiki wala watoto waliopangwa mstari. Kila chumba kipigwe kutoka pembe zake zote, na pia kutoka mlangoni; zipigwe ngazi, dari, uchochoro wa mbele, na kile kionekanacho ukisimama darini. Pamoja na picha yaandikwe maelezo mafupi ya kweli: jua laingia upande gani na saa ngapi; mlango wa mbele una upana gani, maana kuna vifaa visivyopita; gari laweza kufika hatua ngapi kutoka nyumbani, au kama ilivyo Lamu, mizigo itafika kwa mashua na punda; umeme una nguvu gani na hukatika mara ngapi; maji yapo au hayapo; na sauti zipi husikika. Meneja wa lokesheni apokeaye maelezo kama haya humwamini mwenye nyumba mara moja, kwa sababu amezoea kutumiwa picha tano nzuri zisizomwambia kitu.

Maelezo hayo hupelekwa wapi? Kenya iko Kamisheni ya Filamu, iliyoundwa mwaka 2005, ambayo kazi yake moja ni kuwavuta watengenezaji waje kupiga filamu nchini. Na leseni za kupigia filamu hutolewa na bodi ya uainishaji wa filamu. Tanzania Bara iko Bodi ya Filamu, na Zanzibar liko Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Kampuni ya kigeni haiji peke yake. Hushika mwenyeji ajuaye vibali na njia, na mwenyeji huyo ndiye wa kujuana naye. Tamasha la filamu la Zanzibar, ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, huwakusanya watu wa kazi hii mahali pamoja. Kwenda kukaa nao na kuzungumza kwafaa kuliko kutuma barua mia. Ila dalali akuombaye pesa kwanza ndipo akutafutie kampuni, mwambie kwaheri. Na picha ziwekwazo hadharani katika mitandao zisiandikwe jina la mtaa wala la mwenye nyumba. Atakaye kujua zaidi na aulize, ajulikane.

Siku ya kazi yenyewe, mwenye nyumba asiyeijua kazi hii hushikwa na bumbuazi. Alidhani watakuja watu watano na kamera moja. Waja watu 30 au 50, na filamu kubwa huzidi hao, pamoja na masanduku ya chuma, vyuma vya kusimamishia taa, nyaya nene zipitazo kila mlango, na jenereta likinguruma mbali kwa kuwa halipiti uchochoroni. Na hapa nawasihi mnisikilize kwa makini, wenye nyumba za ghorofa. Dari ya boriti na mawe imebeba miaka yote watu wa nyumba moja na vitanda vyao. Haikukusudiwa watu 40 waliosongamana mahali pamoja na vifaa vizito juu ya magurudumu. Mwiteni fundi wa nyumba za mawe, wala si fundi wa saruji tu, azitazame boriti kabla ya siku hiyo, aseme wangapi wapande na wasimame wapi, na maneno yake yaingie katika mkataba. Kadhalika msumari mmoja ukipigwa katika lipu ya chokaa iliyochakaa hubomoa kipande cha ukubwa wa sinia, na gundi ya utepe wao ikibanduliwa huondoka na nakshi iliyochongwa kabla ya babu zetu kuzaliwa. Katika nyumba moja ya jamaa zangu yalitokea hayo, kampuni ikasema ukuta ulikuwa mbovu tangu awali, na hapakuwa na picha ya kuwakadhibisha.

Basi mkataba na useme haya yote, tena kwa lugha aielewayo mwenye nyumba: vyumba gani, siku ngapi za matayarisho, siku ngapi za kupiga, na siku ngapi za kurudisha kila kitu mahali pake, maana siku za matayarisho husahauliwa nazo ni siku za kukaa nje vile vile, kazi ianze saa ngapi na iishe saa ngapi, kitu gani chaweza kusogezwa na kipi kisiguswe. Pesa ya dhamana iwekwe kabla, irudishwe baada ya ukaguzi. Hati ya bima ya kampuni ionyeshwe kabla ya mzigo wa kwanza kuingia, na imtaje mwenye nyumba kuwa miongoni mwa wanaolindwa nayo. Picha za kila ukuta zipigwe asubuhi ya siku ya kwanza, pande zote mbili zikiwapo. Na mwenye nyumba aulize kisa ni kipi. Ana haki kamili ya kujua iwapo sebule ya marehemu baba yake itaonyeshwa kuwa danguro, au pango la wachawi, au maficho ya majambazi, na kukataa akiona haimstahiki. Filamu hubaki, na watu wa mtaa wataitambua nyumba.

Watu wa mtaa, nao, ni washirika katika jambo hili wapende wasipende. Uchochoro ukizibwa, ni wao wazungukao na ndoo za maji. Taa zikiwaka usiku, ni watoto wao wasiolala. Mwenye nyumba aende kwa sheha au mzee wa mtaa kabla ya kampuni kwenda, na aombe kampuni iwatie vijana wa mtaa katika kazi za ulinzi na uchukuzi, iwalipe. Waliopiga filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, walifanya kazi Kibera na Loiyangalani, na baadaye wakaanzisha mfuko wa hisani wa kusaidia elimu ya watu wa sehemu hizo. Hawakulazimishwa na mtu, na mfano wao wastahili kutajwa kwa kila kampuni ijayo. Na kuhusu adhana, mwenye nyumba asithubutu kuahidi utulivu asioumiliki. Aipe kampuni saa za sala tano, mtu wa sauti apumzike wakati huo, na ratiba ipangwe kwa kufuata msikiti.

Na sifa nayo, ikija, ina pande zake. Kule Uingereza, kasri la Highclere lilipokodishwa kwa mfululizo wa televisheni wa Downton Abbey, ulioanza mwaka 2010, wageni walimiminika na pesa zao zikasaidia kulitengeneza. Lakini katika mji wa Albuquerque, Marekani, nyumba ya kawaida ya familia ilitumiwa katika mfululizo wa Breaking Bad, na kwa kuwa katika kisa hicho mtu alirusha piza juu ya paa, watazamaji walikwenda nao wakarusha piza zao juu ya paa hilo hilo, hata mtungaji wake, Vince Gilligan, akawaomba hadharani waache, na mwaka 2017 wenye nyumba wakazungusha uzio wa chuma. Kasri lina kuta na walinzi. Nyumba ya mtaa haina. Atakayekubali na aweke sharti kwamba mahali pasitajwe kwa jina.

Limebaki la bei, na wengi wenu mlikuwa mkilingoja. Siwezi kuwapa kiwango, kwa sababu filamu moja hailingani na nyingine. Lakini hesabu na ianzie kwenye siku zote ambazo ukoo utakuwa nje, malazi yao huko watakakokwenda, kazi ya fundi kabla na baada, na uchakavu, ndipo ifuatie faida. Kampuni kubwa ya kigeni ina fungu la pesa kwa ajili ya lokesheni, na anayejidunisha mbele yake amewadunisha na majirani watakaofuata. Lakini wanapokuja vijana wetu wenyewe, wenye kamera moja ya kuazima na kisa walichokiandika kwa Kiswahili kuhusu mitaa walimozaliwa, mimi ningewafungulia mlango kwa ujira mdogo, pengine kwa gharama ya kuitengeneza lipu tu, alimradi mkataba uandikwe vile vile, wanawake wa nyumba waulizwe vile vile, na fundi apande darini kuzitazama boriti kabla yao.